Andrea Alciato: mwanasheria aliyeuliza neno lilimaanisha nini siku lilipoandikwa

"Mjomba, huyu alikuwa mwanasheria au mkana Mungu?"

Swali la mpwa wangu, mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza. Alikuwa amekutana na jina la Andrea Alciato kwenye somo la historia ya sheria, na kando yake pameandikwa "mhumanisti". Sikumcheka. Neno hilo limevurugwa vya kutosha. Siku hizi mitandaoni ukiitwa mhumanisti, basi ama umeipa dini kisogo, ama unafanya kazi kwenye shirika la kutetea haki za binadamu. Kwa watu wa zama za Alciato halikuwa na maana hata moja kati ya hizo mbili.

Renesansi, ambayo baadhi ya vitabu vyetu vya shule huiita Mwamko, ni kipindi cha takriban karne ya 14 hadi ya 16, pale wasomi wa Ulaya, wa Italia wakitangulia, waliporudi kwa shauku kubwa kwenye maandiko ya Warumi na Wagiriki wa kale. Katika vyuo vikuu vya Italia wanafunzi walikuwa na majina ya mkato ya walimu wao. Aliyefundisha sheria za Kirumi alikuwa legista. Aliyefundisha sheria za Kanisa alikuwa kanonista. Na yule wa sarufi, balagha (ufundi wa kusema), historia, ushairi na maadili, akitumia vitabu vya kale, aliitwa umanista. Ni jina la somo tu, kama sisi tunavyosema "mwalimu wa Kiswahili". Mapadri wengi walikuwa wahumanisti na hakuna aliyeona ajabu.

Kinachochanganya ni kumkuta mtu mmoja ana majina mawili, legista na umanista. Somo la sheria na somo la ushairi vilikuwa vyumba viwili tofauti, na walimu wake walidharauliana. Alciato alizibua mlango kati ya vyumba hivyo. Ili kuona kwa nini lilikuwa jambo kubwa, inabidi kwanza tujue kilichokuwa ndani ya chumba cha sheria.

Kati ya mwaka 529 na 534, mfalme Justiniano aliyetawala kutoka Konstantinopoli aliamuru sheria za Kirumi zikusanywe. Sehemu nzito zaidi iliitwa Digesta: vitabu 50 vya vipande vilivyokatwa kutoka kwa wanasheria wa kale, wengi wao wakiwa wamekufa miaka 300 au zaidi. Kwa hiyo hata siku ilipotoka ilikuwa nguo ya viraka, maneno ya wakili wa karne ya 2 yameshonwa na watumishi wa mfalme wa karne ya 6. Huko Ulaya Magharibi kitabu hicho kilikaa karne nyingi bila wasomaji, hadi mwishoni mwa karne ya 11 walimu wa Bologna walipoanza kukifundisha. Walikifundisha kwa kuandika ufafanuzi pembezoni.

Aliyesoma chuoni kwa mtindo wa zamani wa pwani yetu ataiona picha hii haraka: matini katikati, sharhe imezunguka pande zote, na wakati mwingine hashiya, yaani maelezo juu ya sharhe, imeizunguka sharhe. Ndivyo zilivyokuwa Digesta. Katika karne ya 13 Accursius wa Bologna alikusanya fafanuzi za waliomtangulia, zaidi ya 90,000, akazifanya kuwa sharhe rasmi. Karne iliyofuata akaja Bartolus wa Sassoferrato (1313–1357), bingwa wa kuzitumia sheria hizo kwa matatizo ya miji ya Italia ya wakati wake. Alitukuzwa mno, hata ukazuka msemo kwamba hakuna mwanasheria asiyekuwa mfuasi wa Bartolus. Baada yake zikaja sharhe za sharhe. Mwanafunzi aliweza kuzeeka pembezoni mwa ukurasa bila kuyafikia maandishi ya katikati.

Na pembezoni mlikuwa na mambo. Digesta zinaeleza kwamba Warumi, walipotaka kuandika Sheria za Mbao Kumi na Mbili, sheria zao za kwanza kuandikwa, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, walitazama sheria za miji ya Kigiriki. Hapo sharhe ya Accursius inaingiza kisa. Wagiriki, inasema, walimtuma mwenye hekima kwenda Roma kupima kama Warumi wanastahili sheria. Warumi wakamtoa mpumbavu mmoja, wakijiambia kwamba akishindwa itakuwa mzaha tu. Mgiriki akainua kidole kimoja: Mungu ni mmoja. Mpumbavu akadhani anataka kumtoboa jicho, akainua viwili amtoboe yote mawili, na kidole gumba kikainuka navyo. Mgiriki akaona vitatu, akaelewa Utatu. Akaonyesha kiganja wazi, kwamba mbele ya Mungu kila kitu kiko wazi. Mpumbavu akaona anataka kupigwa kofi, akakunja ngumi. Mgiriki akaelewa: Mungu ameshika vyote mkononi. Akarudi kwao na habari kwamba Warumi wanastahili sheria.

Ungeapa ni kisa cha Abunuwasi. Nacho kilikaa ndani ya kitabu cha sheria na kusomwa na mawakili kwa karne kadhaa! Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo anajadili Utatu Mtakatifu, na wasomaji wanageuza ukurasa. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na mazoea ya kuuliza "hii ni ya mwaka gani?" Sheria kwao ilikuwa moja, ya wakati wote, na Justiniano alikuwa kama jirani yao.

Tatizo la pili lilikuwa Kigiriki. Digesta zimeandikwa kwa Kilatini, lakini hapa na pale wanasheria wa kale walichomeka Kigiriki, na walimu wa Bologna hawakukijua. Nakala nyingi ziliyaruka maneno hayo au ziliyaharibu. Mazoea ya darasani yakazaa kauli maarufu: "Hiki ni Kigiriki, hakisomwi." Kisha somo linaendelea.

Hasara yake unaweza kuipima kwa neno moja. Kitabu cha mwisho cha Digesta, cha 50, kina sura nzima ya maana za maneno, vipande 246. Katika kimojawapo mwanasheria Gaius anazungumzia neno la Kilatini *venenum*, ambalo wengi hulijua kwa maana ya sumu. Anasema: atajaye *venenum* lazima aongeze kama ni baya au jema, kwa sababu hata dawa za tiba huitwa hivyo. Halafu anatoa mfano wa Wagiriki, wanaotumia neno lao moja kwa vyote viwili, na kama ushahidi ananukuu mstari wa Homeri, mshairi wa kale wa Kigiriki, unaosema ziko nyingi zilizo njema na nyingi zenye madhara.

Sisi Waswahili hatuhitaji mwalimu hapa. Tuna neno "dawa". Dawa ya kifua na dawa ya panya zinauzwa kaunta moja, na ukimwambia mtu "kanywe dawa" bila kutaja ipi, shauri lako. Lakini mwanafunzi wa karne ya 14 aliyekuwa na nakala isiyo na Kigiriki alipata nusu ya hoja ya Gaius, na ushahidi wa mshairi hakuuona kabisa. Haya si mambo ya kupamba ukuta. Kuhukumiwa kwa kumiliki *venenum* katika sheria ya Roma kulitegemea kuwa ni *venenum* baya.

Sasa tuingie kwa bwana mwenyewe. Andrea Alciato alizaliwa Mei 1492 katika eneo la Milano. Jina la ukoo linatokana na kijiji cha Alzate, upande wa Como. Kabla ya sheria alisoma Kilatini na Kigiriki huko Milano kwa mhumanisti Giano Parrasio, na jambo hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake wote. Halafu akaenda Pavia, na baadaye Bologna, kwa walimu wakubwa wa sheria wa mtindo wa zamani. Aliufahamu mtindo huo nje ndani. Mwaka 1515, akiwa na miaka 23 na hata udaktari hajaupata, alichapisha huko Strasbourg maelezo juu ya vitabu vitatu vya mwisho vya Kodeksi ya Justiniano (sehemu ya mkusanyo ule yenye amri za wafalme), vile vya kodi na vyeo vya dola ambavyo wengi walivikwepa kwa ugumu wa maneno yake. Yeye alikuwa na Kigiriki, alikuwa na historia, akavifungua. Udaktari alipewa Ferrara mwaka 1516. Miaka miwili baadaye, Milano, akatoa vitabu kadhaa kwa mpigo, na jina likaruka mpaka.

Hakuwa wa kwanza. Mwaka 1433 Lorenzo Valla, mwalimu wa balagha huko Pavia, aliandika barua ya kumkejeli Bartolus kwa Kilatini chake kibovu, na wanasheria wakamchachamalia hadi akauhama mji. Mwaka 1508 Mfaransa Guillaume Budé alichapisha maelezo yake juu ya Digesta. Huko Freiburg, Ujerumani, alikuwepo Ulrich Zasius. Vitabu vya historia hupenda kuwataja watatu, Budé, Zasius na Alciato, kama mafiga ya chungu kimoja. Ila Valla alirusha mawe kutoka nje ya nyumba, hakuwa mwanasheria. Alciato alikuwa ndani, ana joho, ana wateja, na Bartolus amemsoma ukurasa kwa ukurasa.

Njia yake ilikuwaje? Chukua mfano wa kwetu, wa kubuni. Umerithi hati ya babu inayosema mpangaji wa shamba atatoa "pishi kumi kila mavuno, na rupia mbili". Ukienda kwa wakili wa mtindo wa zamani, atakusanya maoni ya mawakili ishirini juu ya wajibu wa mpangaji. Alciato angeuliza kwanza: pishi ni vibaba vingapi? Rupia ilikuwa fedha ya wakati gani, na iliweza kununua nini? Kama hati inataja "chombo", je, ni jahazi kama watu wa pwani walivyomaanisha, au sufuria? Ukishajua hayo ndipo uwafuate wale mawakili ishirini, na huenda kumi na watano ukaona walikuwa wakijadili kitu ambacho hati haikukisema. Ndiyo maana wanasheria hawa waliandika vitabu ambavyo kwa mtazamo wa haraka havihusiani na sheria: Budé juu ya sarafu za Kirumi mwaka 1515, na Alciato mwenyewe juu ya mizani na vipimo. Alikusanya hata maandishi yaliyochongwa kwenye mawe ya kale ya Milano. Kwa yeye, jiwe la kaburi lilikuwa shahidi.

Kitabu chake kikubwa kuhusu maana za maneno, kilichotoka mwaka 1530, kinafafanua ile ile sura ya Digesta yenye *venenum*. Humo kuna vipande ambavyo wakili wa ardhi wa leo angevipenda. Kimoja kinasema ukitaja "Mji" mipaka yake ni kuta, bali ukisema "Roma" unafika mwisho wa nyumba zilizoshikana, ambazo huvuka kuta. Jaribu kuwauliza watu wawili Dar es Salaam "mjini" kunaishia wapi.

Hapa nirekebishe hadithi moja inayopendwa sana, kwamba wahumanisti walikuja na taa na wafuasi wa Bartolus walikuwa gizani. Alciato hakuamini hivyo. Bartolus hakujali historia kwa sababu kazi yake haikuwa historia. Mfanyabiashara wa Perugia mwenye kesi mahakamani alitaka jibu la mwaka huo, si la mwaka 200. Na Alciato, kila alipoandika rai ya kisheria kwa mteja anayelipa, alitumia njia hiyo hiyo ya zamani, na rundo la majina ya mabingwa, kwa sababu ndiyo lugha ambayo hakimu aliielewa. Rai zake zilichapishwa baada ya kufa kwake, na ukizisoma utadhani ni mtu mwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo anapovutia zaidi. Wengine huuita unafiki; mimi naona mtu aliyejua kwamba kuelewa sheria ilivyokuwa na kuitumia ilivyo ni kazi mbili, na mtu mmoja anaweza kuzifanya zote bila kuzichanganya. Baada yake pande mbili zikagawanyika kweli na kupewa majina, "mtindo wa Kiitalia" kwa ule wa Bartolus na "mtindo wa Kifaransa" kwa ule wa kihumanisti. Mwaka 1582 Mwitalia Alberico Gentili aliandika kitabu kizima kuwatetea wa zamani dhidi ya wafuasi wa Alciato.

Lakini kwa nini uitwe wa Kifaransa ilhali Alciato ni mtu wa Milano? Kwa sababu ulishika mizizi Ufaransa, na mbegu aliimwaga yeye. Alifundisha Avignon, mji uliokuwa chini ya Papa, kuanzia 1518, akarudi Milano, akaenda tena Avignon, kisha mwaka 1529 akaitwa Bourges, katika jimbo la Marguerite, dada wa mfalme. Mfalme mwenyewe, Francis I, aliwahi kuketi kumsikiliza. Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo kijana Jean Calvin, baadaye kiongozi mkubwa wa Waprotestanti, ambaye hakuvutiwa kama ungetarajia: mwaka 1531 aliandika dibaji ya kijitabu cha rafiki yake kilichomtetea mwalimu wao wa Orléans dhidi ya Alciato. Mwaka 1533 Alciato akaondoka, lakini Bourges haikurudi nyuma. Huko wakafundisha baadaye François Le Douaren, Hugues Doneau na Jacques Cujas, ambaye wengi humhesabu kuwa hodari kuliko wote waliosoma sheria ya Kirumi kwa jicho la historia.

Alciato aliendelea kuhama: Pavia, Bologna, Pavia tena, Ferrara, mwisho Pavia. Vita vya Italia vilikuwa sababu mojawapo, wakuu waliomng'ang'ania sababu nyingine, na mshahara, tuseme ukweli, sababu ya tatu. Vyuo vilishindania walimu kama vilabu vinavyoshindania washambuliaji. Inasimuliwa kwamba alipolaumiwa kwa kutotulia alijibu kuwa hakuna anayelilaumu jua kwa kuizunguka dunia na kuiangaza. Waandishi waliofuata wakamsema kwa kupenda fedha na chakula. Alikufa Pavia tarehe 12 Januari 1550.

Cha ajabu, kilichompa umaarufu mkubwa kuliko Digesta ni mashairi aliyoyatunga kama burudani. Yalikuwa mashairi mafupi ya Kilatini, mengi yakitoka kwenye tungo za Kigiriki. Mwaka 1531 mchapishaji Heinrich Steyner wa Augsburg aliyatoa, 104, akayawekea mengi yake picha, na Alciato hakufurahishwa na kazi ilivyofanywa. Mwaka 1534 toleo alilolikubali likatoka Paris kwa Christian Wechel. Hicho ndicho kitabu cha *emblemata*, na baada yake Ulaya nzima ikaingia wazimu wa vitabu vya aina hiyo. Chake peke yake kilichapishwa zaidi ya mara mia, kikatafsiriwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitalia.

Emblema ni nini? Chukua kanga. Ina picha, ina jina, na maana inakamilika pale vyote viwili vinapokutana na yule anayevaa na yule anayevaliwa. Emblema ina jina juu, picha katikati, na badala ya mvaaji ina ubeti chini unaokata fumbo. Moja inaonyesha kipofu amembeba kiwete, mmoja anatoa miguu na mwingine macho. Nyingine inamwambia msomaji kwamba mpumbavu akinyamaza hatofautiani na mwenye hekima (hiyo ningeipenda kwenye kanga kabisa). Ile inayowagusa wanasheria ina watu wameketi mbele ya madhabahu, wote hawana mikono, na mkuu wao hana macho. Ni mahakimu. Hawana mikono ili wasipokee kitu, na mkuu haoni ili ahukumu kwa yale anayoyasikia, si kwa sura ya aliye mbele yake.

Msomaji wa Lubumbashi au Bukavu ana sababu ya ziada ya kumkumbuka mtu huyu. Sheria ya mikataba ya Kongo inatoka kwenye amri ya 30 Julai 1888, iliyofuata kitabu cha sheria za kiraia cha Ubelgiji, ambacho wakati huo kilikuwa kile cha Ufaransa cha 1804, ambacho kwenye mikataba kilichota kwa Robert Pothier wa Orléans, msomaji mkubwa wa Digesta katika karne ya 18. Ibara ya 33 ya amri hiyo inasema mikataba iliyofungwa kihalali ni sheria kwa walioifunga, na kwamba itekelezwe kwa nia njema. Hiyo "nia njema" ni neno la Warumi. Alciato hakuandika hata mstari mmoja wa ibara hiyo. Alikuwa mmoja wa watu waliozisafisha Digesta kabla hazijapita mikononi mwa Wafaransa.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na mkana Mungu wake. Iko barua moja. Alipokuwa kijana Alciato alimwandikia rafiki yake, Bernardo Mattia, aliyeamua kujiunga na watawa. Barua ilikuwa kali: ilishambulia maisha ya kitawa kwa maneno ambayo, baada ya Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, kuchomoza mwaka 1517, yangeweza kumtia mwandishi wake matatani. Nakala yake ilimfikia Erasmus, mhumanisti mashuhuri wa Uholanzi. Alciato akaingiwa na hofu na kumsihi Erasmus, zaidi ya mara moja, aichome au aifiche isije ikaonekana na watu. Hakuikana dini, alikuwa profesa anayelipwa na mapapa na watawala wakubwa, na alikufa akiwa Mkatoliki. Aliogopa tu kwamba barua ya mwaka ule itasomwa kwa macho ya mwaka mwingine.

Nakala ilipona. Ilichapishwa Uholanzi mwaka 1695.